Iskandar wa Wadi Batha

Mume wangu Mahrous alikuwa akifundisha historia katika skuli ya wavulana ya Ibra, na katika kila dakika kumi za mazungumzo yake, saba zilikuwa za Iskandar wa Makedonia. Mimi nikifundisha hesabu skuli ya wasichana, kwa hivyo nilihesabu. Watu wengine waliotoka Unguja walikuja Oman na cherehani, au dhahabu iliyoshonewa ndani ya pindo, au funguo za nyumba ambayo hawataingia tena. Yeye alikuja na kitabu kinene cha vita vya Iskandar, kilicholiwa na mchwa upande mmoja, akakitia ndani ya sanduku pale ambapo ningetia sahani zangu.

Mchana, tukisha kula, hakuniacha niondoe sinia. Kokwa za tende zilikuwa Wamakedonia, na dengu zilizobaki zilikuwa Waajemi. Kokwa alizipanga katikati, zimesimamisha mikuki yao mirefu ya kuwaziwa, kisha kokwa nyengine chache akaziweka kulia ziwe wapanda farasi. "Katikati washike, kulia wapige," akisema, na akasukuma kokwa za kulia mpaka zikawafikia wafalme wa dengu. Kwa miaka kumi na miwili sikuona dengu zikishinda hata mara moja. Nikimtuma sokoni kununua samaki, alimwendea muuzaji kutoka ubavuni, akajifanya anatazama vitunguu, akamzunguka, kisha akamvamia ghafla. Alirudi na samaki wa jana kwa bei ya leo.

Majirani zetu wa Ibra walimwambia kwamba Iskandar ndiye Dhul-Qarnayn aliyetajwa katika Kurani, naye akabishana nao mpaka wakaacha kumwalika kwenye kahawa. Jambo moja tu lilimsikitisha katika habari zote za shujaa wake. Iskandar alikuwa amekusudia kuja kuipiga Bara Arabu, na manahodha wake walikwisha kuiona rasi ya milima yetu kwa mbali, lakini homa ikamuua Babeli kabla hajaanza safari. Basi nchi hii ilipona, na mume wangu, ambaye nchi hii ilimpa kazi, nyumba na pasi, akaona kuwa ni hasara.

Haya yote ningeyavumilia. Mwanamke huvumilia kukoroma, akavumilia na Iskandar. Kilichonishinda kilitokea mwezi wa Aprili mwaka 1977, tulipompeleka mama yangu Sur.

Mdogo wangu Wadha aliolewa Sur na Ghanim, karani wa forodha. Alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakumaliza siku. Mara zote mbili aliita mama, na mama yuko Unguja akingojea karatasi ya ruhusa ya kutoka. Mama, ambaye watu wakimwita Bimdogo, alitufikia Ibra mwaka uliofuata. Wadha alipopata mimba ya tatu hakuomba nguo wala dawa. Aliomba kitu kimoja tu, mama awepo. Mama akamwahidi, mbele yetu sote, na tangu siku ile aliweka furushi lake la safari chini ya mto wa kulalia, ndani yake kanga mbili mpya, udi, na kipande cha sabuni.

Habari ililetwa na Hashil, dereva wa lori la samaki kutoka Sur. Alikuja Ibra kila wiki, akiteremsha samaki na salamu za watu, na kwa kuwa babu zake walikuwa mabaharia Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mume wangu akikasirika. Jumatano jioni alipiga hodi akasema Wadha ameanza kuumwa na mgongo. Mama hakulala. Alfajiri ya Alhamisi tulimwacha mwanetu Nadhir kwa jirani, tukapanda Landrova ya Mahrous, na galoni moja ya maji, chupa ya chai iliyojaa maji ya kunywa, na tende. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa mwendo wa kawaida tungefika Sur baada ya adhuhuri.

Tulipopita Al Mintirib tukakuta magari yamesimama. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku, na Wadi Batha, ambayo siku zote ni bonde la changarawe na mbuzi, ilikuwa imeshuka, ndivyo wasemavyo kule wadi ikijaa maji ya mvua. Maji mekundu yalipita kwa kishindo, yamebeba mikindu na mlango wa nyumba ya mtu. Watu wa kule hawashindani na wadi. Wanateremka, wanatandika, wanawasha moto wa kahawa, na mmoja anachomeka kijiti pale maji yanapokomea. Maji yakikiacha kijiti nyuma, wanachomeka chengine mbele yake. Vijiti vikifika katikati, watu wanafunga virago na kuvuka. Sijapata kuona hesabu nyepesi kuliko hiyo, wala isiyokosea zaidi.

Mwenye vijiti siku ile alikuwa Hashil, anarudi Sur na lori tupu. Alikwisha kuchomeka vitatu. Akaja dirishani, akamwamkia mama shikamoo, kisha akazungumza na Mahrous kwa adabu.

"Ustadhi, adhuhuri tutavuka, inshaallah. Bibi asikae juani. Mbele ya lori mna kivuli na nafasi, yeye na mwanawe. Nitawafikisha mlangoni kwa Ghanim."

Mahrous akatabasamu vile anavyotabasamu akizitazama dengu. Akateremka, akaokota kijiti, wala hakukichomeka popote. Alichora mchangani mbele ya madereva kumi, watu wazima. Huu hapa mto wa Hydaspes, kule Hindi, umefurika. Hapa ng'ambo, mfalme Poro na ndovu zake. Hapa Iskandar. Kila usiku Iskandar alipiga makelele ufukweni, Poro akakimbilia makelele, mpaka akachoka na kuyapuuza. Ndipo Iskandar akaacha mioto ikiwaka kambini, akapanda juu na mto, akavuka pale asipotarajiwa, katika mvua na radi. Mto hauvukwi mbele, alisema, unazungukwa. Hashil akasikiliza mpaka mwisho, akauliza Poro wetu ni nani hapa. Watu wakacheka. Hapo nikajua kwamba tumekwisha, kwa sababu mume wangu aliweza kusamehe chochote isipokuwa kuchekwa mbele ya ramani yake.

Nikasema mama aende na Hashil, na sisi tutafuata. Mama akanibana mkono chini ya buibui. "Usimvunjie mumeo heshima mbele za watu," akaninong'oneza. Yeye ndivyo alivyolelewa, na mimi ndivyo alivyonilea. Nikanyamaza. Huo unyamavu wangu nauchukia mpaka leo, pengine kuliko ninavyowachukia wale Wamakedonia wote.

Iskandar alipanda juu na mto. Kwetu juu kulikuwa na majabali, basi Mahrous akaamua kwenda chini, akisema hekima ni ile ile. Tukaiacha barabara na watu na kahawa yao, tukafuata kando ya wadi kuelekea kwenye jangwa la mchanga la Wahiba. Baada ya nusu saa akaona pahali maji ni mapana na mafupi, akavuka, maji yakiingia chini ya miguu yetu. Akapiga honi ya ushindi. Mbele kidogo tukakuta mkono wa pili wa wadi, mkubwa kuliko wa kwanza. Tulikuwa kisiwani. Nilidhani atafedheheka. Aligeuka na uso unaong'ara, akasema hata Iskandar yalimtokea hivi hivi, alivuka akajikuta kisiwani, kitabu kimeeleza. Alifurahi kupotea, maadamu amepotea kwa mujibu wa kitabu.

Akaufuata ule mkono wa pili mpaka ukasambaa na kumezwa, akavuka, na sasa hapakuwa tena na changarawe. Palikuwa na mchanga mwekundu tu, mrefu, wa moto. Mabedui wakiingia mchangani huanza kwa kupunguza upepo wa mipira ya gari. Kila mtu wa Sharqiyah, mkoa wetu, analijua hilo, hata sisi tuliokuja juzi. Nikamkumbusha. Akasema hapana haja. Gari likachimba mpaka likakaa juu ya tumbo lake, magurudumu yakizunguka bure. Akalikanyaga moto mpaka maji yakachemka. Galoni yote akaitia kwenye rejeta, ikachemka pia. Saa ilikuwa tano kasoro. Madereva wa watu, wakati ule, walikuwa wanakunywa kahawa.

Akachimba kwa sahani yangu ya bati. Mama tulimweka ubavuni mwa gari, kwenye kivuli ambacho kila nikigeuka kilikuwa kimepungua. Maji ya chupa tulikunywa kwa mafunda, na Mahrous kwa magilasi, kwa sababu yeye alikuwa anachimba. Mama alikuwa mgonjwa wa sukari. Midomo yake ilianza kukauka na kufanya weupe, na akaacha kuuliza saa. Kila dakika iliyopita Wadha alikuwa Sur akitazama mlango, na sisi tuko nyuma ya kilima cha mchanga kwa ajili ya ndovu wa Kihindi.

Kiasi cha saa saba yalibaki maji ya kifuniko kimoja cha chupa. Nikayamimina yote, nikampa mama mkononi. Nikamwambia anywe sasa hivi, mbele yangu. Akakishika kile kifuniko kwa mikono miwili. Kisha akamtazama Mahrous aliyepiga magoti mchangani, shati limemganda, na malezi yake ya Unguja, ambayo nikiyaonea fahari toka utotoni, yakaishinda kiu yake.

"Chukua, mwanangu," akamwambia. "Unywe japo funda moja, kisha unirudishie."

Mahrous akasimama. Akakipokea. Nikauona uso wake umebadilika, macho yanaangalia mbali, nami ukurasa ule niliujua. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi mno mezani na kitandani: jangwa la Makrani, hapo ng'ambo tu ya bahari ya Sur, ambako Iskandar alipitisha jeshi lake siku sitini akaliangamiza zaidi ya nusu. Nilipata kumuuliza alipita huko kwa nini, akaniambia kwa sababu wafalme wa kabla yake walishindwa. Nikamwambia hiyo si sababu. Lakini yeye hakujali waliokufa. Alijali askari mmoja aliyeleta maji machache ndani ya kofia ya chuma. Nikanyanyuka. Sikuwahi.

"Iskandar hakunywa wakati jeshi lake lina kiu," akasema, kwa sauti ya darasani. "Na mimi sinywi."

Akakipindua kifuniko. Maji yakaanguka, mchanga ukafanya doa jeusi la ukubwa wa chapati, na kabla sijasema neno doa lenyewe likaanza kukauka. Akasimama hivyo, kidevu juu, akingojea jeshi lishangilie. Jeshi lilikuwa mimi na mama yangu. Mama mikono yake ilikuwa bado imenyooka mbele, viganja juu, akingojea arudishiwe.

Watu husema hasira inapofusha. Mimi ilinifumbua macho. Nilimwona mume wangu mzima mzima, tangu ncha ya viatu vyake, na sikuona ndani yake kitu chochote kinachostahili hata kupigiwa kelele. Nilimchukia, na chini ya chuki palikuwa na dharau, na dharau ndiyo iliyobaki nilipopoa. Nilimwambia aendelee kuchimba. Mama akaikunja mikono yake ndani ya buibui. Baada ya muda akaanza kuzungumza na Wadha, akimwambia apumue, asiogope, kama kwamba yuko naye chumbani, na mimi nikamfunika uso kwa mtandio wangu nikalia.

Aliyetuokoa alikuwa mwanamke wa Kibedui, mwenye barakoa, anafuata mbuzi zake. Hema lake lilikuwa nyuma ya kilima, mwendo wa kuhesabu mia tatu. Mume wangu, mpanga vita, hakuwa amepanda kilima kutazama. Yule mwanamke akamnywesha mama kutoka kiriba chake, kidogo kidogo, kwa kiganja, akamlisha tende iliyopondwa, mpaka macho yake yakarudi. Kisha akachukua mwiba, akapunguza upepo wa mipira yote minne, akanikalisha mimi kwenye usukani, akamwambia Mahrous asukume. Gari likatoka. Alipoona kifuniko kiko mchangani akauliza nani kamwaga maji. Mahrous akamweleza, kwa Kiarabu chake cha vitabuni, habari za Iskandar. Mwanamke akauliza huyo ni kabila gani, na kama yu hai. Akaambiwa alikufa kijana. Akasema Mungu ni karimu, akaenda zake na mbuzi.

Tulirudi barabarani saa tisa. Wadi ilikuwa imebaki vidimbwi, na vile vijiti vimesimama pakavu, mstari mmoja hadi ng'ambo. Hapakuwa na gari hata moja. Walikuwa wamevuka adhuhuri, kama Hashil alivyosema.

Tuliingia Sur magharibi ikiadhiniwa. Ghanim akatupokea mlangoni anacheka na kulia. Wadha alijifungua alasiri, mtoto wa kike, mzima, na adhana ameshaadhiniwa. Mkunga alikuwa Azza, jirani. Ghanim alisema Hashil alipita hapo mwanzo wa alasiri kuuliza kama bibi kafika salama, kwa sababu alituona njiani, na Wadha aliposikia hivyo alimtuma mtu asimame barabarani. Kila uchungu ulipomwachia aliuliza kama gari limeonekana. Hayo ya chumbani Azza ndiye aliyetuambia, huku ananikwepa macho.

Mama akaenda kitandani. Akambusu mtoto, akamwombea, kisha akamtafuta mkono Wadha. Wadha mkono wake ulikuwa chini ya shuka, na hakuutoa.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Wadi ilishuka, mwanangu. Maji yalituzuia."

"Hashil kavuka adhuhuri."

Mama akasema sisi tulichelewa kidogo, ni bahati mbaya, na akaangalia chini. Mwanamke aliyekaribia kufa mchana ule alikaa pale akiipokea lawama ya mwanawe, kwa ajili ya kumsitiri mkwe. Nikafungua kinywa. Akanibana mkono, pale pale aliponibana asubuhi. Na mimi, nadhani, ningenyamaza tena.

Lakini Mahrous hakuwa mtu wa kukubali kusitiriwa. Alikaa ukumbini na Ghanim na wageni, pazia tu baina yetu, na kahawa ya kwanza ilikuwa haijaisha alipoanza. Tulisikia Hydaspes. Tulisikia kisiwa, na wanaume wakishangaa. Tulisikia jangwa, jua, kiu, na sauti yake ikishuka kama inavyoshuka darasani kabla ya jambo kubwa. Akasema alipewa maji ya mwisho yaliyobakia duniani, akayamwaga mchangani, ili asinywe peke yake. Mtu mmoja akasema mashaallah.

Wadha akajiinua kwenye mto. Rangi ilimtoka usoni, na Azza akamshika bega alale, akakataa.

"Shemeji," akaita.

Mahrous akaitikia kwa furaha, akampongeza kwa mtoto.

"Hayo maji ulipewa na nani?"

"Na Mama," akasema.

"Yalikuwa yake?"

Mahrous akajikohoza. Akasema jangwani kila kitu ni cha jeshi zima.

"Basi Mama alikunywa nini?"

Mama alikuwa anatikisa kichwa, anamwomba Wadha kwa macho aache. Wadha hakumtazama. Alikuwa ameutoa mkono chini ya shuka na ameushika wa mama kwa nguvu, na anaangalia lile pazia.

"Rahila," Mahrous akaniita. Ilikuwa ile sauti yake ya kila siku, anapokuwa katikati ya vita na jina la mto limempotea. Miaka kumi na miwili, akiniita hivyo, nilikuwa nikimtajia mto.

"Umeulizwa wewe," nikamwambia. "Mjibu."